Mgeni wa Ukutani

Mtaani walimwita Sikio, na jina hilo lilimkaa kuliko shati lolote alilowahi kununua. Alikuwa fundi bomba. Mafundi wenzake wakiitwa kwenye nyumba yenye bomba linalogonga ukutani, walikuja na nyundo wakabomoa tangu sebuleni hadi jikoni, kama watu waliodokezwa kwamba kuna hazina. Sikio alikuja na bisibisi ndefu. Ncha aliigusisha ukutani, mpini akaubandika sikioni, akafumba macho, kisha akamwomba mwenye nyumba afungue koki na kuifunga kwa ghafla. Akishasikia alichotaka, alichora alama kwa chaki na kusema watoboe hapo. Wakitoboa, bomba lililolegea linakutwa hapohapo, limetulia kama mtu aliyefumaniwa.

Kwa mtu wa namna hiyo ungedhani nyumbani kwake kuna utulivu ambao hata mbu huomba ruhusa kabla ya kulia. Thubutu. Nyumba yenye mabomba ya makelele kuliko zote mtaani ilikuwa yake.

Hita ya maji moto, pipa la chuma lililokaa juu ya dari ya bafu, ilinguruma kila ilipopata moto, kama mzee anayetafuta miwani yake na hataki kusaidiwa. Koki ya jikoni ilipiga mluzi. Lakini kiboko yao alikuwa yule waliyempa jina la Mgeni. Ukifunga maji haraka, popote pale nyumbani, ndani ya ukuta paligongwa mara tatu, nzito, hodi kamili ya mtu asiyetaka kusubiri. Miaka ya mwanzo mke wa Sikio alikuwa akifuta mikono na kwenda kufungua mlango. Baadaye alizoea. Baadaye tena alizoea kupita kiasi, akawa hamfungulii mtu yeyote, na ndugu wa pande zote mbili wakajifunza kupigia hodi kwenye dirisha la jikoni.

Usidhani mama huyu hakulalamika. Alilalamika mpaka akachoka. Mumewe alikuwa akisimama katikati ya sebule ameinamisha kichwa, mke anafunga koki, ukuta unagongwa mpaka vikombe vinacheza kabatini, halafu bwana anauliza, ipi, hiyo? Hiyo mbona ya kawaida. Wala hakuwa anafanya mzaha. Sikio lile lililonasa tone likivuja nyumba ya watu lilikuwa limekufa ganzi kwake mwenyewe. Kitu kimoja tu kilipenya, nacho kilikuwa kijiko. Karakana yake ilikuwa kibanda nyuma ya nyumba, na bomba la chuma lilitoka jikoni, likapita bafuni, likaishia kibandani kwenye koki ya kunawia mikono. Chakula kikiwa tayari mkewe aligonga bomba chini ya sinki kwa kijiko, na Sikio alijibu kwa spana, maana yake nakuja. Hodi ya kijiko hakuikosa hata siku moja, hata akiwa anakata chuma.

Ndivyo walivyoishi. Watoto walikua humohumo katika makelele, wakaoa, wakaolewa, wakaenda zao, na mambo yangeendelea hivyo kama mama mkwe asingekuja.

Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mrefu wa maneno mafupi, aliyeishi peke yake katika mji mwingine, safari ya kutwa kwa basi. Miezi michache nyuma alianguka bafuni kwake akaumia nyonga. Binti yake alipouliza kwa simu ilikuwaje, alijibiwa kwamba ni kuteleza kidogo tu, na mazungumzo yakahamishiwa kwenye ubovu wa sabuni za siku hizi. Tangu hapo binti hakuwa na raha. Alimbembeleza mama ahamie kwake, mama akakataa. Akambembeleza tena, mpaka bibi akakubali kuja kuonja. Angekaa hadi Jumapili. Akipapenda atabaki, asipopapenda atapanda basi, na hataki kuona mtu analia.

Alifika alasiri akapiga hodi. Jikoni binti yake alikuwa anasugua sufuria. Akasikia, akajisemea huyo ni Mgeni tu, akaendelea kusugua. Mama akapiga tena kwa mkongojo. Binti akafunga maji kwa upole zaidi ili ukuta utulie. Bibi wa watu alisimama juani na begi lake mpaka mshonaji wa nyumba ya jirani alipotoa kichwa, akamwamkia, akamwelekeza kwa heshima zote azunguke nyuma kwenye dirisha la jikoni. Hebu fikiria mkunga aliyezalisha nusu ya mji, anachungulia dirishani kwa bintiye kama mwizi wa mboga.

Hilo alilimeza. Alilokataa kulimeza lilikuwa la kesho yake asubuhi. Aliingia kuoga, akafungua maji moto, na pipa likaanza kunguruma juu ya kichwa chake. Akajikaza kisabuni. Akafunga maji ili ajipake sabuni, na Mgeni akagonga mara tatu kwenye ukuta uleule alioushika asianguke. Mlango wa bafu ulifunguka kwa kishindo. Bibi akatoka amejifunga taulo, povu sikioni, mkongojo ameushika kama rungu, na uso wake umepauka kabisa.

"Kuna mtu ukutani," alisema.

Sikio alikuwa anakunywa chai. Aliinuka, akaangalia pembeni kwa adabu, maana mkwe ni mkwe hata akiwa na povu, akaeleza kwamba hakuna mtu. Ni maji tu: yanakuja mbio ndani ya bomba, unayafungia njia ghafla, yanajigonga, na bomba lililolegea linaruka na kupiga ukuta. Yalikuwa maelezo safi, ya kufundishia. Mama mkwe aliyasikiliza hadi mwisho, akajifuta povu, akasema Jumapili atakuwa kwenye basi. Katika nyumba inayogongwa kutoka ndani yeye hakai.

Mkewe alimfuata Sikio kibandani. Mambo yakiwa mazuri alikuwa akimwita mume wangu. Yakiharibika alimwita Fundi.

"Fundi," alisema. "Mama akirudi kule kukaa peke yake, mimi usingizi sitaupata. Kwa hiyo nitaenda kulala hukohuko kwake. Wewe baki na Mgeni wako, mpikiane."

Hapo maji yalimfika Sikio shingoni. Alimpenda mkewe, na hakujua kupika. Zaidi ya hayo, na hili hakumwambia mtu, alimheshimu yule mama kupita kiasi. Alipokuwa kijana na kuja kuposa, ndugu wengine wote walimuuliza ana nini. Yeye peke yake alimuuliza anaweza nini, akajibu anaweza kusikia maji yanakopita, na mama akasema basi mpeni. Sasa aje aondoke kwa sababu ya maji?

Akachukua bisibisi yake akaanza kusikiliza nyumba. Alisikiliza sebule, ukumbi, bafu, jikoni. Kila mahali ukuta ulimwambia hajambo. Alichora alama za chaki kwa kubahatisha mpaka sebule ikafanana na ubao wa shule, na kila alipotoboa alikuta bomba limelala zake halina hili wala lile. Mama mkwe alikuwa amekaa kitini anamtazama. Alivumilia tundu la kwanza na la pili. Lilipofika la tatu akanyoosha mkono.

"Lete hiyo, baba."

Sikio alijiumauma. Kumpa mkwe bisibisi hakujawahi kumwingia akilini. Lakini bibi alishasimama. Maisha yake yote ya kazi alikuwa ameweka kile kidude cha wakunga cha kusikilizia moyo wa mtoto juu ya matumbo ya wajawazito, na kwake ukuta ulikuwa tumbo tu, tena lisilolalamika kwamba mikono yake ni ya baridi. Aliweka ncha ukutani na mpini sikioni, akamwamuru binti yake jikoni afunge maji. Akasogea hatua. Akaamuru tena.

"Amekaa vibaya," alisema. "Ametanguliza miguu. Yuko hapo nyuma ya kabati."

Walisukuma kabati, ambalo halijawahi kusogezwa tangu liingie, Sikio akatoboa. Ndani bomba lilikuwa linaning'inia limefungwa kwenye msumari kwa kitambaa kilichooza, na lilikuwa limejichimbia kijishimo ukutani kwa kugonga. Sikio alikitambua kitambaa kile na jasho likamtoka. Alikifunga mwenyewe alipokuwa anajenga, siku vibano vilipomwishia, akasema hiyo ni ya muda tu, atarudi. Bahati mbaya mkewe naye alikitambua. Lilikuwa shuka la mtoto wao wa kwanza. Alilitafuta wakati ule hadi akamshuku mshonaji wa jirani na kumnunia mwaka mzima. Mtoto mwenye shuka sasa hivi ana kipara.

"Ya muda," alisema mkewe, akarudi jikoni.

Kazi ikaanza, na mama mkwe ndiye msimamizi. Sikio alijipenyeza kwenye matundu ya kuta huku bibi akiwa amekaa na mkongojo magotini, akimwelekeza kama alivyozoea kuelekeza watu: sukuma, sasa usisukume, pumua kwanza, haya sukuma tena. Mara moja alisahau akamwambia ajikaze kidogo, kichwa kinaonekana. Kicheko cha binti yake kilisikika kutoka jikoni. Waliweka vibano vipya kila mahali, na chini ya kila kibano kipande cha raba, ili bomba likitikisika lisiguse kitu. Karibu na koki kuu Sikio aliunganisha kijibomba kilichosimama wima, kimezibwa juu, hewa imebaki ndani, ili maji yakija mbio yakutane na hewa kama mtu anayejitupa kwenye godoro. Hita waliishusha, wakaikung'uta, na ndani yakatoka magamba meupe ya chokaa ndoo nzima. Maji yalikuwa yanachemkia chini ya magamba hayo, na kunguruma kote kulitoka huko. Koki ya jikoni iliwekwa wosha mpya, kile kipete cha raba cha kuzuia maji, mluzi ukaishia kinywani.

Walipomaliza, mkewe alifungua koki zote kisha akazifunga moja baada ya nyingine, kwa nguvu, kwa makusudi, kama anayetafuta ugomvi. Kimya. Akamwangalia Sikio, akamwita mume wangu mbele ya mama yake. Sikio alitabasamu hadi masikioni na akawa na hakika begi la bibi halitafungwa tena.

Ukimya ule ulianza vituko vyake mchana uleule. Chakula kilipoiva mkewe aligonga bomba kwa kijiko. Hakuna jibu. Akagonga tena, akagonga kwa mwiko, akajiambia kumbe mtu akisifiwa kidogo tu anaanza kuringa. Kibandani Sikio alikuwa amekaa, tumbo linamuuma kwa njaa, akijiuliza mkewe amechukia nini tena hata anamnyima chakula. Raba zilikuwa zimemeza kijiko. Kila mmoja alimnunia mwenzake mpaka chakula kikapoa. Mshonaji wa jirani, aliyezoea kuamka kwa ngurumo ya hita yao, siku ya pili alichelewa kufungua duka, akaja kuangalia kama wako hai. Alipiga hodi mlangoni. Mke wa Sikio akamwambia mama yake asijali, ni ukuta, halafu akakumbuka ukuta umenyamaza, akatoka mbio. Alikuta jirani ameshazunguka kwenye dirisha.

Bibi alikuwa akiyacheka yote hayo, lakini kicheko chake kilikuwa kinapungua. Asubuhi aliingia bafuni na mlango ukawa kimya. Binti yake, aliyezoea kujua kwa makelele ni nani anaoga na amefika wapi, hakujua tena. Alikuwa akisimama nje ya mlango na kuuliza mama upo, na kutoka ndani anajibiwa yupo, aende zake. Baada ya muda anauliza tena.

Alasiri ya Jumamosi Sikio alipita mlangoni mwa chumba cha mama mkwe akaona begi liko kitandani, wazi, na bibi anakunja nguo. Aliingia na bisibisi yake mkononi, maana hakujua la kufanya na mikono yake.

"Mama, bado unasikia kelele? Nionyeshe wapi. Nabomoa sasa hivi."

"Sisikii kitu chochote, baba," alisema bibi. "Ndiyo maana."

Sikio hakuelewa. Bibi akakaa kitandani, akamwita na bintiye, akawaambia wakae, kisha akazungumza akiangalia begi.

"Sikuteleza kidogo," alisema. "Nilianguka asubuhi nikashindwa kuinuka. Simu iko chumbani. Nikachukua kopo la kuogea, nikawa nagonga bomba. Bomba la kwangu la plastiki, limezikwa kwenye saruji, halipeleki sauti. Niligonga mpaka muuza maziwa alipokuja jioni. Ile asubuhi ya kwanza ukuta wenu ulipogonga, nilidhani ni mimi tena nagonga."

Binti yake alijifunika uso kwa viganja. Bibi alimpapasa goti, akasema asilie, alishawaambia hataki kuona mtu analia. Halafu akasema neno lililokuwa limemkwama. Siku mbili za mwisho alikuwa anaoga huku ameshika koki kwa mikono miwili, kwa sababu nyumba hii imekuwa kama yake. Unaweza kulala sakafuni na kugonga, na jikoni watu wanaosha vyombo.

Sikio aliinuka na bisibisi yake. Alitoka, na mkewe alidhani ameenda kuficha machozi, ambayo ni kweli alikuwa nayo. Lakini walimsikia akiburuta kabati. Kisha spana. Hakugusa hita, wala kijibomba cha hewa, wala vibano vya mabomba mengine. Alifuata bomba moja tu, lile la chuma linalotoka jikoni na kupita bafuni hadi kibandani, akalivua raba zote kibano kwa kibano na kulibana chuma kwa chuma. Pale bafuni, chini kabisa karibu na sakafu, alibomoa ukuta akaliacha bomba wazi, mahali ambapo mkono wa mtu aliyelala unafika. Alilala yeye mwenyewe sakafuni kupima. Mkewe alimkuta humo amenyooka kama samaki, ananyoosha mkono huku na huku.

"Mama," alisema alipotoka, nywele zimejaa vumbi, "ingia bafuni, chukua kopo. Mimi naenda kibandani. Gonga kidogo tu."

Bibi aliingia. Nyumba ilisubiri. Likasikika kopo, mara moja, kwa aibu kidogo. Kutoka nyuma ya nyumba spana ikajibu palepale, na baada ya spana, kijiko cha jikoni nacho kikajibu, maana binti yake alikuwa amekimbilia sinki. Bibi alibaki bafuni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipotoka alienda moja kwa moja chumbani, akatoa nguo zote begini, akalisukumia begi chini ya kitanda kwa mkongojo.

Jumapili basi liliondoka bila yeye, na makelele yakarudi nyumbani kwa Sikio, safari hii kwa mpangilio. Kopo mara moja, bibi ameingia kuoga. Mara mbili, amemaliza. Kabla wiki haijaisha alishaongeza ya kwake: mara tatu maana yake chai haina sukari, na ipo moja ya haraka haraka ambayo maana yake binti yake asiendelee kusema hilo analolisema, bafuni linasikika. Mshonaji wa jirani akarudi kuamka mapema.

Kisha asubuhi moja kopo liligonga mfululizo, bila kukoma. Sikio alikuwa kibandani amejipaka sabuni mikono yote miwili. Aliangusha sabuni, akaruka ndoo, akapoteza ndala moja mlangoni. Mkewe aliacha uji jikoni na mwiko bado anao. Walifika mlango wa bafu kwa pamoja, wakagongana, Sikio akaita kwa sauti ambayo hakujua anayo.

"Mama, kuna nini?"

Ndani kopo lilinyamaza. Maji yaliendelea kutiririka taratibu.

"Hakuna kitu," alisema bibi. "Nilikuwa naangalia tu kama mtakuja."

Mkewe alishusha mwiko, na harufu ya uji unaoungua ikaanza kuwafikia kutoka jikoni. Sikio aliegemeza paji la uso kwenye mlango, povu likimdondoka viganjani hadi sakafuni.

"Tumekuja, mama," alisema.